Jinsi ya kuwa mwigizaji wa sura nyingi bila kuhama Moshi

Mwigizaji ninayemsema hapa si yule ambaye uso wake umejaa kwenye bango. Ni yule anayeingia sini mbili tu, akacheza muuguzi aliyechoshwa na zamu, au mjumbe wa nyumba kumi anayejua siri za mtaa mzima, au mama mkwe aliyeshuka kutoka Rombo na mkungu wa ndizi, na filamu ikiisha watu wanamzungumzia yeye. Mwezi unaofuata amekuwa mtu mwingine kabisa, humtambui mpaka majina yapite. Hiyo ndiyo kazi ninayoifanya sambamba na ushonaji. Cherehani yangu iko Majengo, na vijana wanaokuja kupimwa nguo huniuliza waanzie wapi. Nawaandikia wao, pamoja na walioko Arusha, Hai, Mwanga na Same ambao wameambiwa kwamba bila kuhamia Dar es Salaam hawatafika popote.

Amua kwanza unataka kazi ipi

Staa hufanana na yeye mwenyewe katika kila filamu, kwa sababu watu wamelipa kumwona yeye. Wewe unatakiwa usifanane na wewe wa juzi. Kwa hiyo mambo yanayowanyima vijana usingizi, yaani ngozi, umbo na idadi ya wafuasi mtandaoni, huku hayana uzito mkubwa. Uso wa kawaida ni mali, na umri ni mali zaidi.

Thelma Ritter wa Marekani alizaliwa mwaka 1902 na akaonekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza mwaka 1947, akiwa na miaka 45. Alicheza mama aliyechoka anayemtafutia mwanawe zawadi ya Krismasi dukani, sehemu fupi ambayo hata jina lake halikuandikwa. Baada ya hapo aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Walter Brennan alipoteza meno kwa ajali ya kazini mwanzoni mwa miaka ya 1930, na pengo hilo likampa wazee wa kuigiza wakati yeye mwenyewe bado ana miaka arobaini na kidogo. Alichukua Oscar 3 za mwigizaji msaidizi, kwa filamu za mwaka 1936, 1938 na 1940. Harry Dean Stanton alicheza watu wa pembeni kwa miongo mitatu kabla ya kupewa mhusika mkuu mwaka 1984, akiwa anakaribia sitini. Na John Cazale, aliyefariki mwaka 1978, aliacha filamu ndefu 5 tu, zote 5 zikateuliwa kuwania Oscar ya filamu bora, na katika zote yeye hakuwa staa.

Mfano mwingine uko karibu na sisi. Filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa huku kwetu, Arusha na Momella, siku za mwisho za ukoloni. Mwigizaji wa Kijerumani Hardy Krüger aliipenda Momella mpaka akanunua shamba na kuishi pale kwa miaka. Ukiitazama, muache John Wayne, mfuate Red Buttons. Kwao alijulikana kama mchekeshaji, kisha akachukua Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya huzuni ya Sayonara, ya mwaka 1957. Alipokuja Arusha akarudi kwenye vichekesho, akacheza dereva mwoga wa wanyama anayebuni roketi ya kurushia wavu juu ya mti wenye nyani. Tafuta filamu zote mbili, zima sauti, tazama mabega na viganja vyake tu. Utaona mwili mmoja ukibeba watu wawili. Zoezi hilo la kutazama bila sauti lifanye na kila mwigizaji unayempenda, wa Bongo au wa nje.

Kusanya watu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wanaoanza wanaporuka. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Simu haifai, kwa sababu ukiitoa watu wanadhani unawapiga picha.

Nenda soko la Mbuyuni asubuhi mizigo inaposhushwa. Nenda stendi kuu. Keti kwenye benchi la dirisha la dawa ukiwa na mgonjwa wako. Ingia mahakama ya mwanzo siku ya kesi, maana kesi husikilizwa hadharani, na hakuna mahali utakapoona watu wengi wakijitahidi kuonekana watulivu kama pale. Kwa kila mtu anayekuvutia andika mambo matatu tu: mikono yake inafanya nini asipozungumza, macho yanakwenda wapi hela ikitajwa, na kimya kikiingia anakijaza na nini.

Nikupe ninayoyaona. Mangi wa duka la mtaani anahudumia watu watatu kwa pamoja, na mkono wake unafika kwenye kiberiti, chumvi na sabuni bila macho kuufuata. Ukimcheza huku unatafuta vitu rafuni, umeshamuua. Mama muuza ndizi akitaja bei anaangalia mkungu, hakuangalii wewe, na anakuita "mteja wangu" pale tu unapogeuza mguu kuondoka. Mpagazi wa mlimani aliyebeba kilo 20 kwa siku kadhaa, akishateremka geti la Mweka na kutua mzigo, shingo yake inabaki imenyooka kama mzigo bado upo, na anageuka kwa kiwiliwili kizima. Nilipomwona wa kwanza akigeuka hivyo, nilimpata mwanajeshi mstaafu niliyekuwa nimemtafuta kwa muda mrefu, kwa ajili ya mwenzangu tuliyekuwa tunafanya naye mazoezi.

Maana usimchukue mtu mzima mzima. Chukua shingo ya huyu, sauti ya yule, na tabia ya shangazi yako ya kupangusa meza ambayo tayari ni safi. Kwanza, Moshi ni mji mdogo, na jirani akijiona kwenye runinga umempoteza. Pili, mtu aliyeshonwa kwa vipande anakuwa wako, unaweza kumpeleka popote skripti inapotaka.

Msibani ni jambo la peke yake. Nenda kuzika, si kusoma watu, na daftari libaki nyumbani. Lakini yatakayokaa akilini yataandikwa baadaye, na yatakufundisha kulia kuliko mwalimu yeyote. Kwenye filamu zetu mfiwa anajitupa chini. Nilichokiona mimi vihambani, yaani kwenye migomba ya nyumbani kwa Wachaga, mara nyingi ni mjane anayehangaika kuuliza kama wageni wa Same wamepata chai, kama turubai litatosha, nani amekaa na wazee. Anakimbia kilio. Kinamkamata kwenye kitu kidogo, labda akiona viatu vya marehemu mlangoni. Mwigizaji anayepambana asilie atawaliza watazamaji kabla ya yule anayekamua machozi.

Na ulemavu usiufanye kichekesho. Ukipewa mhusika asiyeona au anayetembea kwa mguu mmoja, tafuta mtu mwenye hali hiyo, mweleze kazi yako, omba akufundishe. Utashangaa anavyofanya mambo haraka. Asiyeona hapapasi hewa akiwa chumbani kwake, anatembea moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Sauti na lafudhi

Hili linaniuma kwa hiyo nitalisema wazi. Mchaga wa kwenye maigizo mengi ni mtu mmoja: anapenda hela na anasema "aisee" kila baada ya neno. Mmasai ni mlinzi. Mpare ni mtu wa kesi. Waliotuandika hivyo hawakuja kukaa na sisi, ila sisi tulioko huku hatuna kisingizio. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame, kila mmoja akizungumza Kichaga cha kwao, wanasikilizana kwa shida, na Kiswahili chao nacho hakifanani.

Kiswahili hakina toni. Mkazo wake unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kichaga kina toni, Kimaasai kina toni, kwa hiyo mzee anapozungumza Kiswahili, wimbo wa lugha ya mama unapita chini yake. Wimbo huo ndio unaoutafuta, si maneno ya kuchekesha. Mwombe mzee akusimulie tukio moja, kwa mfano jinsi mafuriko yalivyochukua migomba, kwanza kwa lugha yake kisha kwa Kiswahili. Rudi nyumbani, funga mdomo, uimbe mlio wake kwa pua tu. Ukishaushika mlio, weka maneno ya skripti juu yake. Kama huwezi kuushika, cheza kwa Kiswahili chako cha kawaida na uwe mkweli. Lafudhi mbovu ni mbaya kuliko kutokuwa na lafudhi.

Umri nao unaanzia kwenye sauti. Vijana wakipewa mzee wanatetemesha mikono na kukohoa. Wazee ninaowashonea hawakubali kuonekana wazee. Wanashika ukingo wa meza kana kwamba ni kwa bahati, wanapumzika katikati ya sentensi wakijifanya wanatafuta neno. Icheze jitihada ya kuficha.

Nguo zifanye kazi

Mimi ni fundi, nitakaa hapa kidogo.

Anza na viatu. Kiatu kilichokuzidi namba moja kinakufanya uburute. Chenye soli iliyolika upande mmoja kinabadilisha nyonga, na nyonga inabadilisha kila kitu juu yake. Nenda Memorial au Kiboriloni kwenye mitumba ukiwa umeshamfahamu mhusika, na umchagulie kwa kipato chake, si kwa macho yako. Mzee wa kanisa mwenye koti la mtumba lililokatwa kwa mtu wa mabega mapana hajapata hela ya kulipunguza, basi anatembea ameyainua mabega lisishuke, na wageni wanadhani ana majivuno. Umeona? Nguo imekupa tabia ambayo haikuandikwa.

Mama anayefunga noti kwenye pindo la khanga ana zawadi mkononi. Kulifungua lile fundo kunachukua muda, na katika muda huo mwigizaji anaweza kuonyesha huruma, uchoyo au aibu bila kusema kitu. Mama anayeweka hela kwenye pochi yenye zipu hawezi. Fundo la kitenge lenyewe linasema: la pembeni, lililokazwa, ni la mtu anayeinama siku nzima. La mbele, lililolegea, ni la aliyeketi.

Usiingie kwenye sini na nguo mpya. Ifue mara kadhaa, ianike juu ya bati juani, lala nayo usiku mmoja. Upya wa nguo unaonekana hata kwenye skrini ya simu. Kama nguo ni za watayarishaji, omba ukae nazo japo saa moja kabla ya kushuti.

Mbele ya kamera

Wengi wetu tumetoka kwenye maigizo ya kanisani na ngonjera za shule, tumezoea kumfikia mtu wa benchi la mwisho. Kamera iko hatua mbili kutoka kwako. Muulize kameramani amekukata wapi, kiunoni, kifuani au usoni tu. Akiwa mbali, tembea na mwili. Akiwa usoni, wazo likikupita kichwani linatosha, na kupepesa kope ovyo kunalivunja.

Sini moja hurudiwa mara nyingi, kwanza kwa picha pana halafu kwa kila uso, na vipande vyote huunganishwa baadaye. Kama uliinua kikombe kwenye neno "mwanangu", kiinue kwenye neno hilo hilo kila teki, kwa mkono ule ule. Mwigizaji anayekumbuka hivyo anapendwa na mhariri, na mhariri humtajia muongozaji. Kwenye sini za kula, chukua tonge dogo na litafune polepole. Sahani ya machalari iliyopoa inaweza kurudi mbele yako hadi jioni. Nami huwa naomba mtori uwekwe wa uvuguvugu tangu mwanzo, maana mvuke unaotoka kwenye teki moja na kukosekana kwenye nyingine unaonekana.

Usiigize mwenyewe tu. Wengi wanasubiri zamu yao ya kusema. Sehemu yako kubwa ni kusikiliza, na mara nyingi mhariri atachagua uso wako unaosikiliza kuliko wa anayezungumza.

Skripti, na pasipo skripti

Ukipewa skripti, hata ya mistari miwili, jibu maswali haya: mtu huyu ametoka kufanya nini dakika tano kabla? Anataka nini kwa huyu aliye mbele yake? Asipokipata atalala vipi? Muuguzi anayesema "Subirini nje" ni mtu tofauti kama ametoka kumpoteza mgonjwa na kama ametoka kunywa chai. Usiongeze mistari ili uonekane. Wengi wamekatwa kwa hilo.

Kazi nyingi za huku hazina skripti kamili. Muongozaji anakueleza wazo la sini, mnaanza. Kubaliana na mwenzako mambo mawili tu kabla ya kuwasha kamera: sini inaishia wapi na nani ataifunga. Njiani msikilizane. Beba sentensi mbili tatu za mhusika wako mfukoni, zile ambazo yeye peke yake angezisema.

Usifungwe na sura moja

Ukicheza mama mkwe mkali akapendwa, utaletewa mama wakwe wakali hadi uchoke. Usikatae wote, kodi ya nyumba haingoji. Mpe kila mmoja kitu kinachomtenganisha: huyu ni mkali kwa sababu aliwahi kudhulumiwa kiwanja, yule ni mkali kwa Kiswahili cha adabu tupu, bila kupaza sauti. Katikati ya hao, chukua kazi ya bei ndogo inayokupeleka kinyume, mchezo wa redio, video ya elimu ya afya, filamu ya wanafunzi. Philip Seymour Hoffman, aliyefariki mwaka 2014, alipita kwenye sehemu ndogo nyingi zisizofanana kabla ya kuchukua Oscar ya mwigizaji bora mwaka 2006, na kila moja ilikuwa imefungua mlango ambao ile ya kabla isingeufungua.

Anayeweza kusoma akasome. Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Asiyeweza, ana soko, stendi na daftari.

Hela

Omba makubaliano ya maandishi, hata ukurasa mmoja: siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, nauli na chakula juu ya nani, nguo za nani, na kazi itaonyeshwa wapi. Nimewahi kuona sini zangu zikitumika kwenye tangazo ambalo halikuwa sehemu ya mapatano yetu, na kwa kuwa hatukuandikiana sikuwa na pa kushika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake, kwa hiyo usione aibu kuuliza. Hutaonekana mkorofi, utaonekana mtu wa kazi.

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Ukiitwa lokesheni ya Ngarenaro saa kumi na mbili asubuhi, malazi ya usiku wa kuamkia siku hiyo yaingie kwenye makubaliano. Desemba epuka kuahidi nyumba ya ndugu kuwa lokesheni, maana Wachaga wanarudi nyumbani na nyumba uliyoiona tupu Novemba itakuwa na watu sebuleni hadi jikoni. Na usiache kazi yako ya mkono. Cherehani imenipa uwezo wa kukataa kazi mbaya.

Kujitambulisha na siku ya usaili

Tengeneza video fupi kwa simu, ukiwa karibu na dirisha mchana, bila muziki wala vichujio. Weka wahusika watatu wasiofanana, kila mmoja chini ya dakika moja, kisha taja jina lako, urefu, lugha unazozungumza na mji unaoishi. Itume video hiyo kwa waongozaji wa tamthilia, kwa wanaotengeneza matangazo ya utalii Arusha, na kwa redio za hapa.

Siku ya usaili fika mapema ukiwa umevaa nguo zinazoelekea kwa mhusika bila kuwa sare yake. Kama ni polisi, shati lililopigwa pasi na kufungwa kifungo cha juu linatosha. Wasalimie wote, kuanzia mlinzi, kwa shikamoo inapostahili. Muongozaji akikwambia urudie kwa namna nyingine, furahi, maana anapima kama unabadilika, na hapo mpe kweli kitu kingine: badilisha sababu ya mhusika, usiongeze sauti tu. Ukimaliza uliza majibu yatatoka lini, shukuru, uondoke, na ukifika nyumbani andika kwenye daftari jina la kila uliyekutana naye na alichokuomba ufanye.